Kuwaasi Wazazi na Kupotoka katika Imani: Mafunzo ya Suratul Ahqaf

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Makala ya leo inahusu jambo linalozigusa nyumba nyingi za Waislamu, nalo ni hali ya mtoto anayewaasi wazazi wake na, pamoja na uasi huo, akaipa mgongo imani aliyolelewa nayo. Mwongozo wa makala hii ni aya ya 15 hadi ya 18 za Suratul Ahqaf, ambayo ni sura ya 46 katika mpangilio wa Qurani Tukufu. Mafunzo ya aya hizo yataangaliwa kwa kuuzingatia mji wa Maskati, mji mkuu wa Omani, kwa kuwa mji huo una mafungamano na sura hii kwa njia zaidi ya moja.

Kwanza ni jina la sura yenyewe. Ahqaf ni wingi wa neno la Kiarabu hiqf, yaani tuta refu la mchanga lililopinda. Aya ya 21 inamtaja Nabii Hud (AS) alipowaonya watu wake wa kabila la Adi huko Ahqaf, na wafasiri wengi wa kale wanaeleza kwamba mahali hapo ni katika jangwa lililo baina ya Omani na Hadhramaut. Pili, Maskati ni makazi ya Waomani wengi wanaozungumza Kiswahili, ambao wao au wazee wao walizaliwa Zanzibar, Pemba na bara ya Afrika Mashariki. Wengi wao waliondoka huko kufuatia Mapinduzi ya Januari 1964, na wengi wakafika Omani baada ya mwaka 1970, pale Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee kuijenga nchi.

Tatu, wanazuoni wawili walioitafsiri Qurani Tukufu kwa Kiswahili waliaga dunia mjini humo. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1912 na aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ambaye tafsiri yake kamili ilitoka mwaka 1969, alifariki Maskati mwaka 1982. Naye Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, aliyefungwa kwa miaka mingi nchini Tanzania baada ya Mapinduzi na kisha kuishi uhamishoni, alifariki katika mji huo huo mwaka 2006. Hivyo basi, bibi wa Kizanzibari aliyeko Maskati anapotaka kuielewa Suratul Ahqaf kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake, anaweza kuisoma kwa kalamu za watu wawili waliozikwa katika ardhi ya Omani.

Na sasa ni wasaa wa kuziangalia aya zenyewe. Kwa muhtasari, aya ya 15 inaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amemuusia mwanadamu kuwatendea wema wazazi wake wawili. Kisha inataja taabu za mama: kuchukua mimba kwa tabu, kuzaa kwa tabu, na muda wa kubeba mimba na kunyonyesha hadi kuachisha ziwa kuwa ni miezi 30. Kutokana na hesabu hiyo, ikiunganishwa na aya nyingine zinazotaja miaka miwili ya kunyonyesha, wanazuoni walipata hukumu kwamba muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi 6. Baada ya hapo aya inamwonyesha mtoto huyo akiwa mtu mzima aliyefikia umri wa miaka 40, akimwomba Mola wake amwezeshe kushukuru neema aliyopewa yeye na wazazi wake, atende mema, na atengenezewe kizazi chake. Aya ya 16 inabashiri kuwa watu wa namna hiyo hukubaliwa amali zao, husamehewa makosa yao, na huwa miongoni mwa watu wa Peponi.

Mara tu baada ya picha hiyo, aya ya 17 inaleta picha iliyo kinyume chake. Hapa yupo mtoto anayewaambia wazazi wake neno la kuchoshwa nao, akishangaa vipi wanamuahidi kuwa atafufuliwa ilhali vizazi vingi vimepita kabla yake na hakuna aliyerudi. Wazazi wanamlilia Mwenyezi Mungu awasaidie, na wanamsihi mtoto wao aamini kwa kuwa ahadi ya Mola ni ya kweli. Yeye anajibu kwamba hayo si chochote ila hadithi za watu wa kale. Aya ya 18 inatoa hukumu ya watu wa mwenendo huo, kwamba wao ni miongoni mwa waliokhasirika.

Ndugu wasikilizaji, yapo mambo kadhaa ya kuzingatiwa katika picha hizi mbili. Jambo la kwanza ni kuwa uasi wa mtoto huyu unaanza na neno dogo mno, nalo ni uff, ambalo kwa Waswahili ni sawa na kusema ah, au kusonya mbele ya mzazi. Neno hilo hilo ndilo lililokatazwa katika aya ya 23 ya Suratul Israa, ambapo amri ya kuwafanyia wema wazazi imetajwa sambamba na amri ya kutomwabudu yeyote ghairi ya Mwenyezi Mungu. Kwa mtazamo huo, kuwadharau wazazi na kuikana imani ni mambo yanayoweza kushika njia moja. Anayemwona mzazi wake kuwa ni mtu wa zamani asiyejua lolote, ni rahisi kwake kuiona na dini aliyopokea kutoka kwa mzazi huyo kuwa ni ngano za zamani. Kila kimoja hukipa nguvu kingine.

Jambo la pili, na ambalo mara nyingi husahauliwa, ni namna wazazi wa aya hii walivyoelezwa. Hawakuelezwa kuwa wamempiga mtoto wao, wala kumfukuza, wala kumtolea radhi mbaya. Wameelezwa wakifanya mambo mawili tu: wanaomba msaada kwa Mwenyezi Mungu, na wanamsihi mtoto wao. Ni kweli kwamba katika maneno yao limo neno zito la kumtahadharisha na maangamizi, lakini linafuatwa papo hapo na ombi la kumtaka aamini. Hiyo ni sauti ya mtu anayeogopa kumpoteza mwanawe. Waswahili wamesema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na aya hii inautaja uchungu huo bila ya kuwalaumu wenye nao.

Jambo la tatu ni kwamba mtoto huyu hakutajwa jina. Suala hili lina kisa mashuhuri kilichopokewa katika Sahihi Bukhari. Marwan bin al-Hakam, aliyekuwa gavana wa Hijaz upande wa Muawiya, alihutubia huko Madina akimtaja Yazid ili watu wampe kiapo cha utii baada ya baba yake. Abdurrahman, mwana wa Abubakar Siddiq (RA), alisema jambo la kumpinga. Marwan akaamuru akamatwe, naye akaingia katika nyumba ya dada yake, Bibi Aisha (RA), na wale waliotumwa wakashindwa kumfikia. Hapo Marwan akadai kuwa huyo ndiye mtu aliyeteremshiwa aya ya mtoto aliyewaambia wazazi wake neno uff. Bibi Aisha akamjibu kutoka nyuma ya pazia kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha lolote katika Qurani kuwahusu wao, isipokuwa aya zilizomtakasa yeye na uzushi aliosingiziwa.

Uzito wa jibu hilo unafahamika zaidi inapokumbukwa historia ya Abdurrahman mwenyewe. Katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, yeye alikuwa katika safu za makuraishi, ilhali baba yake alikuwa upande wa Mtume Muhammad (SAW). Huyu kwa hakika alikuwa mtoto aliyesimama dhidi ya baba yake kwa sababu ya imani. Lakini hakubaki hapo. Alisilimu katika kipindi cha mapatano ya Hudaibiya, na baadaye akapigana upande wa Waislamu katika vita vya Yamama. Ndiyo maana wafasiri kama Ibn Kathir walisema kwamba haiwezekani aya hii iwe inamhusu yeye, kwa kuwa aya ya 18 inazungumzia watu ambao hukumu ya hasara imekwishawathibitikia, naye Abdurrahman alirejea na uislamu wake ukawa mwema. Kwa maneno mengine, aya hii inaeleza mwenendo, haimbandiki jina mtu aliye hai. Na yule aliyeichukua aya na kuifanya silaha ya kumnyamazisha mpinzani wake wa kisiasa alikemewa na mama wa waumini.

Inafaa pia kuitazama nyumba nzima ya Abubakar (RA), kwa sababu ni mfano hai wa familia iliyotofautiana katika imani. Baba yake, Abu Quhafa, alichelewa kusilimu hadi ilipofunguliwa Makka mwaka wa 8 Hijria. Mwanawe Abdurrahman alisilimu baada ya miaka mingi ya upinzani. Naye binti yake Asmaa alitembelewa na mama yake mzazi ambaye bado alikuwa mshirikina, akamuuliza Mtume (SAW) iwapo anaruhusiwa kuunga udugu naye, na Mtume akamwamuru aunge udugu na mama yake. Katika nyumba hiyo moja walikuwemo baba na mwana waliosimama katika safu mbili za vita, na mama na binti wa dini mbili, na hata hivyo mlango wa nyumba haukufungwa.

Je, wema huo kwa wazazi una mpaka? Jibu linapatikana katika aya ya 14 na 15 za Suratu Luqman. Humo mwanadamu anausiwa tena juu ya wazazi wake, kisha anaambiwa kwamba iwapo watamshikilia amshirikishe Mwenyezi Mungu, basi asiwatii katika hilo, lakini aendelee kukaa nao kwa wema duniani. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba aya hiyo inahusiana na kisa cha Saad bin Abi Waqqas, ambaye mama yake aliapa kutokula wala kunywa mpaka mwanawe aache Uislamu. Saad hakuiacha dini yake, na aya haikumruhusu kumwacha mama yake. Nabii Ibrahim (AS) naye, kama inavyosimuliwa katika Suratu Maryam, alimwita baba yake kwa upole mara baada ya mara, na hata baba yake alipomtishia kumpiga mawe, alimwombea amani na akaahidi kumwombea msamaha. Hivyo Qurani imeweka mizani yenye pande mbili: kumtii mzazi hakufiki hadi kumwasi Mwenyezi Mungu, na kutofautiana na mzazi hakuondoi haki yake ya kutendewa wema.

Kwa upande wa pili yupo mzazi ambaye mtoto wake ndiye aliyepotea. Suratu Hud inasimulia kisa cha Nabii Nuhu (AS), aliyemwita mwanawe katikati ya mawimbi yaliyo kama milima apande jahazi, naye akajibu kuwa atakimbilia mlimani utakaomkinga na maji. Mawimbi yakawatenganisha. Nuhu alikuwa Mtume, na alilingania usiku na mchana, na bado mwanawe hakumfuata. Kisa hiki ni kitulizo kikubwa kwa wazazi wanaonyooshewa vidole na majirani kila mtoto anapoharibikiwa. Si kila upotofu wa mtoto ni ushahidi wa uzembe wa mzazi, kwa kuwa uongofu ni wa Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, inafaa kuzingatiwa kuwa Nuhu aliendelea kumwita mwanawe mpaka maji yalipowatenganisha.

Wapenzi wasikilizaji, baada ya visa hivyo vya Qurani na vya zama za mwanzo za Uislamu, sasa makala inarudi Maskati. Historia ya utawala wa mji huo ina visa viwili vinavyolingana na maudhui haya, vyote vya mwaka 1866, na vyote katika nyumba moja, nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, aliyezitawala Maskati na Zanzibar hadi alipofariki baharini mwezi Oktoba 1856.

Kisa cha kwanza ni cha mjukuu wake. Baada ya kifo cha Sayyid Said, upande wa Omani ulishikwa na mwanawe Thuwaini, na upande wa Zanzibar ukashikwa na mwanawe Majid. Mwezi Februari 1866, Sayyid Thuwaini alikuwa katika mji wa Sohar, kaskazini magharibi ya Maskati. Huko aliuawa kwa kupigwa risasi akiwa amelala, na aliyemuua alikuwa ni mwanawe wa kumzaa, Salim. Salim alikaa katika utawala wa Maskati kwa muda usiozidi miaka mitatu. Mwaka 1868 aliondolewa na Imamu Azzan bin Qais, aliyeungwa mkono na wanazuoni wa Kiibadhi na makabila ya bara, na Salim akafa akiwa uhamishoni India mwaka 1876. Kiti alichokipata kwa kumwaga damu ya baba yake hakikumtulia.

Kisa cha pili ni cha binti yake Sayyid Said, Bibi Salme, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1844. Mwezi Agosti 1866, miezi michache tu baada ya tukio la Sohar, Bibi Salme aliondoka Zanzibar kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden, akiwa na ujauzito wa mfanyabiashara wa Kijerumani aitwaye Rudolph Heinrich Ruete. Mwezi Mei 1867 alibatizwa huko Aden kwa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akafunga ndoa ya Kikristo kabla ya kwenda Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto wadogo. Mwaka 1886 alichapisha mjini Berlin kitabu cha kumbukumbu za maisha yake, ambamo ameandika kwa mapenzi makubwa juu ya baba yake na nyumba aliyokulia. Alirejea Zanzibar mwaka 1885, lakini ndugu yake, Sultan Barghash, hakukubali kumpokea, na akarejea tena mwaka 1888. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Visa hivi viwili havilingani, na wala haifai kuvilinganisha kana kwamba ni kitu kimoja. Salim alimuua baba aliyekuwa hai, naye akabaki akiitwa Muislamu na akatajwa kwa cheo cha Sayyid. Salme hakumnyanyulia mkono mzazi yeyote, kwani baba na mama yake walikwishafariki, lakini aliiacha dini yao, na ndugu zake wakamkatia udugu. Hukumu ya kila mmoja wao iko kwa Mola wake, na makala hii haina haki ya kuitoa. Linalojitokeza kwa msikilizaji ni hili: macho ya jamii mara nyingi huona upotofu pale tu mtu anapobadilisha jina na vazi, na husamehe upesi yule anayebaki na jina la Kiislamu ilhali amevunja amri iliyowekwa sambamba na tauhidi yenyewe. Suratul Ahqaf haikuyatenganisha mambo hayo mawili. Mtoto wa aya ya 17 amekemewa kwa neno lake kwa wazazi wake na kwa kauli yake juu ya Kiyama, katika pumzi moja.

Jambo hili limefafanuliwa kwa kina na wanazuoni wa madhehebu ya Ibadhi, ambayo yana wafuasi wengi nchini Omani, na ambayo yanamhesabu miongoni mwa maimamu wake wa mwanzo Jabir bin Zaid, tabiina mwenye asili ya Omani. Wao wanagawa kufuru katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni kufuru ya ushirikina, ambayo humtoa mtu katika mila ya Uislamu. Fungu la pili ni kufuru ya neema, nayo ni ya mtu anayempwekesha Mwenyezi Mungu lakini akatenda dhambi kubwa. Kuwaasi wazazi, ambako kwa Kiarabu huitwa uquq, kumo miongoni mwa madhambi makubwa. Mwenye kufuru ya neema hubaki kuwa mmoja wa Waislamu katika ndoa, mirathi na mazishi, lakini hatari yake mbele ya Mola ni kubwa mno iwapo atakufa bila ya kutubu. Wanazuoni wa Kisunni wana maelezo yao tofauti kuhusu hatima ya mtenda dhambi kubwa huko Akhera. Hata hivyo, Maibadhi, Masunni na Mashia, ambao wote wana misikiti yao mjini Maskati, wanakubaliana kwamba mlango wa toba uko wazi kwa mja maadamu mauti hayajamfika.

Mafunzo haya yana uzito wa pekee kwa familia za Waswahili walioko Maskati hivi leo. Katika nyumba nyingi za aina hiyo, bibi huomba dua na kuusia kwa Kiswahili, wazazi huchanganya Kiswahili na Kiarabu, na vijana husoma na kuandikiana kwa Kiarabu na Kiingereza. Mjukuu anaposhindwa kufahamu wasia wa bibi yake, huenda akauona kuwa ni maneno ya watu wa kale, si kwa sababu ameukataa, bali kwa sababu haukumfikia. Kijana mwingine huuliza suala juu ya ufufuo au kadari kwa kutaka kujua, na badala ya kujibiwa akaambiwa anyamaze asije akakufuru. Suala lililonyamazishwa haliondoki. Huhamia nje ya nyumba, na huko hujibiwa na watu wasiomwonea uchungu kijana huyo.

Qurani yenyewe haikumnyima jibu mwenye kuuliza juu ya ufufuo. Katika aya ya 33 ya Suratul Ahqaf, inawarejesha wanaotilia shaka kwenye uumbaji wa mbingu na ardhi, kwamba Aliyeviumba hivyo bila ya kuchoka ni muweza wa kuwahuisha wafu. Basi mzazi aliyeulizwa ana njia ya kufuata. Na iwapo hana elimu ya kutosha, anaweza kumpeleka mwanawe kwa mwanazuoni, kwani hilo si aibu.

Wazazi nao wana wajibu wao. Imepokewa kwamba baba wa Nuuman bin Bashir alitaka kumshuhudisha Mtume (SAW) juu ya zawadi aliyompa mtoto mmoja peke yake. Mtume akamuuliza iwapo amewapa watoto wake wote mfano wake, na alipojibu kuwa hakufanya hivyo, Mtume akakataa kuwa shahidi wa jambo hilo na akaamuru uadilifu baina ya watoto. Mzazi anayependelea, anayedhulumu au anayeitumia radhi yake kuwa kitisho cha kila siku, anamtengenezea mtoto njia ya uasi. Waswahili husema kuwa radhi ni bora kuliko mali, na kitu chenye thamani hiyo hakifai kutumiwa ovyo.

Kwa ufupi, miongoni mwa mafunzo yanayopatikana katika aya hizi ni haya yafuatayo:

Funzo la kwanza ni kwamba utiifu kwa wazazi haupimwi kwa mambo makubwa peke yake. Qurani imeanzia kwenye neno moja la kuchoshwa nao, na anayejizuia na neno hilo amejizuia na mengi yanayolifuata.

Funzo la pili ni kwamba mtoto hana ruhusa ya kumwasi Mwenyezi Mungu kwa ajili ya kuwaridhisha wazazi, na wala hana ruhusa ya kuwavunjia heshima wazazi kwa hoja ya kuitetea dini.

Funzo la tatu ni kwamba mzazi ambaye mwanawe amepotoka ana kazi mbili zilizotajwa katika aya, nazo ni kuomba dua na kusihi. Akizitimiza hizo, hana lawama kwa asichokiweza.

Funzo la nne ni kwamba aya za adhabu hazikuteremshwa ili watu wabandikane majina. Anayezisoma hutakiwa ajitazame yeye mwenyewe kwanza, atambue ni mtoto yupi kati ya wale wawili anayefanana naye.

Funzo la tano ni kwamba kurejea kunawezekana. Aya ya 25 ya Suratul Israa, inayofuata baada ya amri ya kuwaheshimu wazazi, inaeleza kuwa Mola anayajua zaidi yaliyomo nyoyoni, na kwamba Yeye ni mwenye kuwasamehe wale wanaorejea kwake. Wana wa Nabii Yaqub (AS) walimdanganya baba yao na wakamtenganisha na mwanawe Yusuf kwa miaka mingi. Hata hivyo, baba yao aliwaambia wasikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu, na walipokiri makosa yao na kumtaka awaombee msamaha, aliahidi kuwaombea.

Basi wapenzi wasikilizaji, huenda miongoni mwenu yupo aliye Maskati, Mombasa, Unguja, Bujumbura au London ambaye hajazungumza na mama yake kwa muda mrefu, na yupo mzazi aliyeapa kutomtaja tena mwanawe. Kwa wote wawili, Suratul Ahqaf ina neno. Mtoto wa aya ya 15 ametajwa akiwa ametimiza miaka 40 ndipo anatamka dua yake ya shukurani na toba kwa ajili yake, wazazi wake na kizazi chake. Hilo ni dalili kwamba mtu hajachelewa hata kama ujana umekwisha. Ambaye wazazi wake bado wako hai, ana nafasi ya kuwafikia leo. Na ambaye wazazi wake wametangulia mbele ya haki, bado ana mlango wa kuwaombea dua, kuwatolea sadaka na kuwaunga jamaa zao.

Mwenyezi Mungu azitengeneze nyumba za Waislamu, awape wazazi subira na hekima, na awarejeshe kwake watoto waliopotea njia. Kwa maelezo hayo, makala hii inafikia tamati. Wassalamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.